Viatu vya Kulalia

Mjukuu wangu Keji,

Pokea salamu zetu za hapa nyumbani, mtaani Sherikat. Sote wazima, na mdogo wako Wani ameng'oka jino.

Umeniuliza kama ni kweli, alivyosema mwalimu wenu, kwamba hofu ya utotoni hukaa mwilini, hata ikamfikia mjukuu. Sayansi siijui. Najua viatu. Nikiwa msichana tulilala navyo miguuni, tayari kukimbilia Uganda. Mama yako alizaliwa huko kwenye amani, hakufundishwa na mtu, naye akalala navyo. Nawe pia, na Wani vilevile.

Siku nchi yetu ilipopata uhuru, tukiwa tumesharudi nyumbani, watu walifyatua risasi hewani kwa furaha. Mimi na mama yako tukajikuta chini ya kitanda. Tulitazamana, tukacheka mpaka machozi, tukatoka kucheza barabarani pekupeku. Vita vipya vilipokuja tulivaa viatu tena, sikatai. Lakini miguu ilikuwa imeshaonja ardhi yake.

Jana usiku Wani alivua viatu vyake, akavitupa uani, akalala fofofo. Asubuhi tulivikuta vimejaa maji ya mvua. Mama yako akataka kumgombeza. Nikasema, "Sibu! Mwache mtoto," nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Vyangu nimeviweka nje, kando ya vyake.

Haboba wako