Imefika?

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini.

Hapa Njombe baridi imeshika, na tangu babu yako atutoke bado nachemsha viazi vya watu wawili. Umeniandikia kwamba unaweka seva ya faksi, kompyuta ya kutuma na kupokea barua, ofisini kwenu, na unaniuliza sisi makarani wa zamani tuliaminije mashine. Mimi niliiamini mara moja tu. Ilisema barua imekwenda, kumbe kule Makambako mashine yao ilikuwa imeishiwa karatasi, na mwenzetu akakosa nafasi ya masomo. Tangu siku hiyo, kila nilipotuma nilipiga simu: “Imefika? Nani ameishika?” Na wewe panga mtu wa kujibu maswali hayo.

Meseji zako za Jumapili zinafika. Ila siku nyingi hujapiga kuuliza nani amezisoma.

Bibi yako