Chumvi Iliyoziba Bomba

Dada Somoe mpendwa,

Assalamu alaikum, dada yangu. Mama hajambo? Goti lake linamwacha alale? Na ule ufuta wa Mandawa mmeuvuna, au mvua iliwawahi? Mimi mzima, ila usishtuke kuona mwandiko mgeni. Mkono wangu wa kulia umeungua. Anayeandika ni Tomasi, Mwingereza ninayefanya naye kazi huku chuoni. Namtajia herufi moja moja, wala hajui anaandika nini.

Kazi yetu ni kupasha maji moto ndani ya chombo cha chuma kinene, kilichofungwa kabisa. Yakibanwa hivyo na kuzidi kupata moto, hufika mahali si maji tena wala si mvuke. Hapo tabia yake hugeuka. Hewa, ambayo kwenye maji ya kisima huingia kidogo tu, huchanganyika nayo yote. Lakini chumvi, maji hayo huikataa. Chembe zake, ambazo huachana ndani ya maji ya kawaida, humo hushikana tena. Unakumbuka mama alivyochemsha maji ya udongo wa chumvi mpaka yakauke, ndipo chumvi ionekane? Humu hayakauki, na bado chumvi hutoka, ikaganda kwenye chuma.

Basi wiki iliyopita chumvi hiyo ikaziba bomba la kile chombo. Mimi nimeinama natazama, nasikia Tomasi anapiga kelele, "Toka hapo!" Akanivuta shati. Bomba likapasuka. Maji yale ya moto yakanipata mkono. Bila yeye, yangenipata usoni.

Hospitali alikuja kila jioni kuninywesha supu. Siku moja akaniuliza, "Kwenu watakubali urudi kwenye kazi hii?"

Nikamwambia, "Nina dada mkubwa. Namwogopa yeye kuliko bomba."

Najua utasema nirudi nyumbani. Dada, niache nimalize masomo. Daktari anasema vidole vitaweza kukunjika tena. Nikimaliza nitakuja kufundisha Nachingwea, karibu yenu, na utanigombeza uso kwa uso mpaka uchoke.

Mama umweleze polepole, akishakula. Nisalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi wa Mkotokuyana aliyenifungia korosho za safari. Niligawana na Tomasi.

Na mchumba wangu Hadija mwambie asilie. Sura ni ileile aliyoikubali.

Mdogo wako akupendaye,
Saidi