Kopo la Presha

Jumatano. Mawingu yamekaa juu ya Mitwero kwetu tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Nimefungua daftari la kemia, lakini sisomi.

Ninatazama kopo la maziwa ya unga. Mwaka jana nililibandika karatasi yenye neno PRESHA, kwa ule mwandiko ninaosifiwa shuleni.

Ndani hamna dawa za presha. Ni vidonge vya Mjomba Issa, mdogo wake mama, vya kliniki ya akili. Amevinywa miaka mingi na vimemtuliza. Mama aliniambia nivitoe kwenye paketi, kwa sababu wageni wanaokuja msimu wa korosho husoma kila kitu. Nikaandika uongo ule na kuupigia mstari kwa rula.

Mwezi uliopita mjomba alikwenda kumtolea damu jirani, akakutwa na homa ya ini aina ya C. Leo alikuwa aanze vidonge vya kuitibu, vya miezi mitatu. Niliombewa ruhusa shuleni niwasindikize yeye na mama hospitalini, maana nyumbani mimi ndiye msomaji wa vyeti.

Kwenye dirisha la dawa mfamasia, dada mmoja mpole, alimwamkia mama shikamoo, kisha akauliza mjomba anatumia dawa gani nyingine.

"Za presha tu, dokta," mama akasema.

"Zinaitwaje?"

"Vidonge vyeupe."

"Mama yangu, humu ndani vyeupe vimejaa rafu nzima. Sitatoa hivi vya ini mpaka nijue."

Mimi nikasoma bango la kunawa mikono, mara tatu. Nilikuwa nalikumbuka jina lililokuwa kwenye paketi.

Kabamazepini. Nililitamka kwa sauti ndogo hadi akaniomba nirudie. Nikarudia, nikaongeza kwamba ni za kliniki ya akili. Foleni yote ilikuwa nyuma yetu. Mama akanifinya mkono.

Mjomba akacheka. "Afadhali umesema wewe. Ningesema mimi, wangesema Issa kaanza tena."

Mfamasia hakucheka. Alirudisha boksi la dawa ya ini nyuma yake, akatuingiza ndani na kufunga mlango. Alimweleza mjomba mwenyewe, si mama, kwamba kidonge cha akili kingeiondolea nguvu dawa ya ini. Angemeza miezi mitatu yote na ugonjwa ungebaki. Kisha akampigia simu daktari wa akili. Watambadilishia kidonge cha akili kidogo kidogo, halafu ndipo aanze cha ini.

"Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako, kaka Issa. Ukikosa usingizi au mawazo yakianza kukimbia, njoo kwangu hata kama si siku yako."

Sijawahi kumsikia mtu akizungumza na mjomba habari za usingizi wake kama anavyozungumza na mtu yeyote.

Njiani mama alitutangulia hatua kadhaa. Mimi nilikuwa nawaza tu jinsi nilivyokaribia kunyamaza.

Jioni nimebandua karatasi ile na kuandika nyingine yenye jina halisi la dawa. Mjomba akasema, "Andika na jina langu. Kwa herufi kubwa." Nimeandika, nikaliweka kopo mezani sebuleni.

Mama amepita, amesoma. Hakuliondoa. Amelifunika tu kwa kitambaa chake cha kudarizi.

Kesho shangazi anakuja kutoka Rondo, naye anachojua ni presha tu. Sijui ni nani kati yetu watatu atakayekiondoa kitambaa kile. Nitaweza mimi?