Kwenye Ng'ombe Inalala

Furaha, mujukuu wangu,

Siye wote tuko salama. Koko yako mwanamuke goti inamusumbua, lakini kuimba korali kanisani hakosi.

Unauliza sababu gani pesa ya retreti, ya kuacha kazi, naipeleka kujenga nyumba Shari kwenye makelele, na Marabo kuko parsele kubwa ya kujenga, na hewa muzuri.

Nikiwa kijana, tulihama na ng'ombe za baba. Nilimuonyesha fasi ya majani mingi. Baba akangoja. Ng'ombe zilikula, lakini hakuna hata moja ililala. Tukaendelea mpaka kilima ingine, majani kidogo tu. Pale zikalala chini, zikaanza kucheua.

Baba akasema: "Tujenge hapa. Ng'ombe yenye kuogopa haicheui."

Sasa wanasema vita imeisha, kuko amani. Kule Marabo nilikaa asubuhi muzima, kila pikipiki ikipita ninashituka. Shari nilikaa kwenye jiwe saa sita ya muchana, mashini ya unga inanguruma, jirani, mama mumoja wa Butembo, anagombeza watoto yake. Nikapitiwa na usingizi. Yeye ndiye aliniamusha: "Muzee, kofia yako imeanguka."

Mafundi wanaanza juma ijayo.

Koko yako