Kiti Kitupu cha Kwenda Awasi

~~Milka, nimeenda Awasi na Oluoch. Nitarudi Jumapili.~~

Nimefuta hiyo ya juu. Sijaenda.

Samaki wa omena wako nje kwa jua, mvua ikija muwaingize. Maharagwe yako kwa jiko, ongeza maji. Na leo ni Ijumaa ya Kwaresima, huyo kuku aachwe aishi.

Sasa nikuambie. Siku ya Majivu nilisema mbele yenu wote kwamba siku arobaini sitoki hapa Migosi, isipokuwa kwenda kanisani. Ukacheka, "Mzee, wewe? Hata wiki hutamaliza." Asubuhi hii Oluoch amekuja na pikap yake, kiti cha mbele kitupu. "Jaduong', mzee wangu, panda twende!" Nikavaa viatu, nikaandika hayo niliyofuta. Halafu nikajiuliza, huko Awasi ninataka nini? Nimefikiria sana, sikupata kitu. Sasa kama sitaki kitu, ni nani ananivuta hivi? Miaka yote huyo wa ndani yangu akiniita nilikuwa naenda tu, sijawahi kusimama nikamwangalia. Safari hii nataka nikae nimjue.

Lakini miguu yangu siiamini. Nimevua viatu nikampa Oluoch akae navyo mpaka Pasaka. Amenicheka mpaka akakohoa, lakini ameenda navyo.

Kwa hivyo Milka, usitafute ndara zako za pinki. Nimezivaa kwenda Njia ya Msalaba kanisani.

Ni mimi,
Babu ya watoto wako