Kiti Kinachoamkiwa

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii, na hilo ndilo lililonikalisha kukuandikia. Wenzangu wote ofisini wanaisikia. Mimi mwanao, niliyerithi kazi yako ya karani mkuu hapa Kisarawe, ndimi kiziwi peke yangu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukigawa kazi. Hukupiga kengele wala hukuita mtu. Kila asubuhi watu walipita mmoja mmoja mbele ya kiti chako, wakakuamkia, nawe ukawajibu na kuwapa shughuli ya siku kwa sauti ya chini. Nilipokuwa karani mdogo nilipita nami, nyuma ya wote, na hukunipendelea hata siku moja. Jioni tu, tukirudi nyumbani katikati ya mikorosho, umevua viatu umevishika mkononi visichakae, ndipo ulipokuwa baba tena. Ulinieleza kwa nini Sefu tarishi hukumtuma mbali: mkewe alikuwa mgonjwa. Kwa nini Yosefu hukumpa barua za kupiga taipu: alikuwa amegombana na kaka yake, angeharibu karatasi tu. "Mtu mzima haongozwi kwa makelele," uliniambia. "Mjue kwanza." Nilizipenda mno jioni zile.

Tulipokuzika nilidhani na desturi ile imekwisha. Kiti chako sikukikalia, niliona haya, nikaweka changu pembeni. Asubuhi ya kwanza wakapita wote mbele ya kiti kitupu. "Shikamoo, mzee." Wakainamisha vichwa kama wanaosikiliza, kisha wakaenda zao kazini. Nikajiambia ni majonzi, yataisha.

Hayakuisha. Baba, inafanyika kazi ambayo sikuiagiza. Sefu alitoweka kutwa nzima, akarudi na vumbi la njia miguuni, na jibu la jumbe wa kijiji cha mbali mkononi. Swali lenyewe nilikuwa bado sijaliandika, lilikuwa kichwani mwangu tu. Nilipomuuliza nani kamtuma, alinishangaa.

"Mzee, bwana karani. Si ulikuwapo?"

Bwana Shauri, Mzungu wetu wa wilaya, ananisifu kwamba nawaendesha watu kwa utulivu kama wewe. Namshukuru, huku naogopa. Na wivu ninao pia, nisikufiche. Unazungumza na matarishi, mwanao humwambii neno?

Juzi uvumilivu ulinishinda. Nikawaambia kuanzia sasa kazi naigawa mimi, na kiti chako nikakitoa nje, barazani. Jana asubuhi hakuingia mtu. Nilifungua dirisha nikawaona huko nje kwenye ukungu, wamepanga foleni mbele ya kiti, kila mmoja anangoja zamu yake. Nikatoka nikasimama nyuma yao. Ningefanya nini? Zamu yangu ilipofika nikakuamkia. Nilichosikia ni maji yakidondoka kutoka kwenye bati. Lakini wote waligeuka wakanitazama kwa huruma, kama watu wanavyomtazama mfiwa.

"Kasemaje?" nikamuuliza Sefu.

Aliangalia chini. "Nisamehe, bwana karani. Anasema kazi ya Jumatatu usijisumbue kuipanga. Sisi kila mtu keshamwambia la kwake. Wewe amekupangia kuwa naye."

Leo Jumamosi. Mama nimemwambia nina homa, akanikorogea uji na kunifunika shuka, hajui lolote. Mke wangu ni mjamzito, mtoto tunamtarajia mvua zikianza, na akiwa wa kiume tumeshakubaliana atachukua jina lako. Nyumba nzima inanitegemea mimi. Sitaki kuja, baba. Nakupenda, na tangu uondoke hakuna siku niliyofika ofisini nisitamani kukuta umekaa pale, lakini sitaki kuja sasa.

Mpangie mwingine kazi hiyo, au usimpangie mtu. Watu wako waache nami niwajue kwa taratibu yangu, nikosee, wanizoee. Na kama umeshakata shauri, basi endelea kuniambia kupitia wao, uniache na uziwi wangu. Usiniite mwenyewe. Miezi yote hii nimekuwa nikitega sikio, na nikiisikia sauti yako, nitaitika.

Lala salama, baba. Lala kabisa.

Mimi mwanao,
kifunguamimba wako