Chai Yote Inanuka Karafuu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana hapa ninapoandika kalamu iko mkono wa kulia na shavu liko mkono wa kushoto, na mke wangu kila akipita ananiuliza kama naandika barua au nimefiwa. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, nina mke na watoto watatu, mama mkwe pia tunaishi naye, na kazi yangu ni kuonja chai kiwandani, kazi ambayo watu wakiisikia hucheka wakidhani nalipwa kwa kunywa, kumbe sinywi hata tone, nafyonza kijiko kimoja kwa kelele, naizungusha chai kinywani, naitema kwenye ndoo, naandika kitabuni, nahamia kikombe cha pili, na ikifika saa sita mchana nimeshapita vikombe arobaini, na neno ninaloliandika pale ndilo linaloamua chai iende sokoni au irudishwe.

Sasa mshauri, wiki tatu zilizopita gego langu la chini upande wa kushoto lilianza kunidunda, na aliyenigundua wa kwanza ni mtunza ghala wetu, mama mtu mzima tunayemwita Mama Funguo kwa sababu funguo zote za ghala anazivaa shingoni na hata akiwa mbali unamsikia anakuja, akanitazama mara moja tu akasema, "Baba, hilo ni jino, usinidanganye, nimelea sita," akanipa karafuu tano kwenye kikaratasi nikabane ufizini nikifika nyumbani, nami nikamwomba asimwambie mtu, kwa sababu sheria ya chumba chetu ni kwamba muonjaji mwenye ugonjwa wowote wa kinywa aseme, akae pembeni mpaka apone, na mzee aliyenifundisha kazi alisema, akakaa pembeni wiki mbili, aliporudi akakuta kijiko chake kiko mkononi mwa mtu mwingine na yeye anapelekwa kubandika lebo kwenye makasha. Mama Funguo akacheka akasema, "Mdomo wangu una kufuli kuliko hilo ghala," na tangu siku hiyo kila zilipokaribia kuniishia alinipenyezea kikaratasi kingine.

Karafuu ilinituliza kwa saa moja moja, sitaki kusema uongo, lakini nyumbani kila mtu akawa daktari, mke wangu akaniwekea maji ya uvuguvugu yenye chumvi nisukutue asubuhi na jioni, hayo yalinifaa, ila mama mkwe akatwanga kitunguu saumu na kusimama mbele yangu akisema fungua kinywa nikuwekee, na wewe mshauri unajua heshima ya mkwe, mimi nimpanulie mama mkwe kinywa mpaka aone koo, nikakataa, akanuna siku mbili, mwishowe nikakitia kitunguu mwenyewe chumbani, kikaniunguza ufizi ukatoka lengelenge, na kesho yake sikuweza kusogea karibu na vikombe bila wenzangu kugeuza nyuso, nikawaambia nilikula kachumbari. Kinyozi wangu naye akaniambia kuna jamaa alitia tone la maji ya betri kwenye tundu la jino na maumivu yakaisha hapo hapo, sikufanya, lakini nakiri niliuliza bei ya betri.

Basi Jumanne iliyopita niliamka shavu limevimba kidogo, nikaogopa nitajulikana, nikachovya pamba kwenye mafuta ya karafuu niliyonunua dukani, nikaibana juu ya gego njia nzima, nilipofika nikaitoa nikasukutua mara tatu nikaona nimesafika, nikaanza kuonja. Kikombe cha kwanza, karafuu. Cha pili, karafuu. Nikafika cha ishirini, mshauri, vyote karafuu tupu, na kwa kuwa chai ni kitu kinachonyonya harufu ya jirani yake upesi, nikaandika kitabuni kama nilivyofundishwa: "Mzigo wote una harufu ya karafuu, ghala lichunguzwe." Wallahi wakati ule niliamini ninachoandika. Nilirudi nyumbani nikanywa maji ya mtungini nikakuta karafuu, nikala wali, karafuu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba harufu ilikuwa kwangu.

Lakini meneja alikuwa ameshakagua ghala, na humo kitu chochote chenye harufu ni marufuku, wakaukuta mkoba wa Mama Funguo na ndani yake kikaratasi cha karafuu, wakamuuliza za nini, akasema za mgonjwa, mgonjwa gani, akasema mgonjwa tu, wakamwambia avue funguo aende nyumbani asubiri kikao. Nimesikia kwamba kamba ya funguo ilinasa kwenye kilemba ikachukua muda kutoka, sijui kwa nini jambo hilo linanijia kila nikilala. Amekaa ghala lile miaka kumi na tisa.

Nisikuchoshe, shida yangu ni jino. Kikao ni Ijumaa hii na nimetakiwa nionje ule mzigo tena mbele yao, kwa hiyo naomba unitajie dawa ya asili ya nyumbani inayotuliza maumivu na isiyo na harufu wala ladha yoyote, ili siku hiyo ulimi wangu uwe safi, nionje, niseme harufu imepungua, mambo yatulie, kila mtu arudi kazini kwake. Kwa daktari wa meno sitaki kwenda kwa sababu ya ile sheria, na pia, iwe kati yetu, naogopa ile sindano. Naomba unijibu kabla ya Ijumaa.

Ni mimi, Mwenye Gego.

*

Mwenye Gego, mwanangu,

Pole kwa maumivu. Jino nalijua, mimi mwenyewe niliwahi kukaa na gego bovu mwezi mzima nikilibembeleza kama mkwe aliyesusa, na nisingemtakia adui yangu. Pole hiyo ipokee vizuri, kwa sababu ndiyo ya mwisho utakayoipata kwangu leo.

Tuanze na ulichouliza. Maji ya uvuguvugu na chumvi, kijiko kidogo kwenye glasi, sukutua, tema, rudia mara kadhaa kwa siku. Mkeo alikuambia, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi nyumba nzima. Barafu ifunge kwenye kitambaa, iweke shavuni kwa nje dakika kumi na tano, pumzika, rudia. Ukilala, nyanyua kichwa kwa mito miwili, damu isikusanyike huko kwenye jino ikakudunda mpaka alfajiri. Toa mabaki ya chakula taratibu kwa uzi, usichokonoe kwa sindano wala njiti. Mambo hayo hayana harufu wala ladha ya kukaa kinywani, umepata ulichotaka.

Karafuu inatuliza kweli, ndiyo maana bibi zetu waliishika. Lakini inatia ganzi, haiponyi, na mafuta yake ukiyazidisha yanababua ufizi, na wewe uliyabana njia nzima kama mtu anayeloweka nguo. Kitunguu saumu kibichi kirudi jikoni, lengelenge umeshaliona, na mama mkwe umwombe radhi kwa kumwachia anune bure, alikuwa anataka upone. Ama huyo kinyozi, mwache akate nywele. Maji ya betri ni tindikali, yanachoma kinywa na koo, na mtu aliyeyatia kinywani maumivu hayakuisha, aliongezewa. Kwamba uliuliza bei, hilo nitajifanya sikulisoma.

Sasa nisikilize. Shavu likishavimba, hakuna dawa ya jikoni. Huko ndani kuna usaha unatafuta njia ya kutokea, na chumvi haiufikii. Na ukiona uvimbe unashuka shingoni, au homa inapanda, au kinywa hakifunguki vizuri, au kumeza mate kumekuwa kazi, hapo usimalize hata kusoma gazeti hili, nenda hospitali moja kwa moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hawakuwa wanatania. Sindano unayoiogopa ni ya kuhesabu mpaka kumi. Wewe umehesabu wiki tatu.

Lakini mwanangu, mbona unaniambia kabla ya Ijumaa? Jino halina kalenda. Umeniandikia kurasa mbili za gego na katikati yake umempitisha mwanamke aliyevuliwa funguo, halafu ukaniambia nisikuchoshe. Hukunichosha. Hapo ndipo nilipoamka.

Eti utaonja useme harufu imepungua. Harufu gani? Kitu kilichopungua kilikuwepo. Ukitamka neno hilo mbele ya kikao utakuwa umethibitisha kwamba mtunza ghala aliingiza karafuu kwenye chai ya watu, na atakwenda nyumbani na doa ambalo miaka kumi na tisa haitalifuta. Unasema kila mtu atarudi kazini kwake. Wewe utarudi, yeye atarudi wapi?

Hebu tazama mambo yalivyokaa. Zile karafuu zilikuwa zako. Mgonjwa ni wewe. Alikosea kuziingiza ghalani, na hilo atalijibu mwenyewe, lakini alikosea kwa kukuonea huruma. Walipombana alikuwa na neno moja tu la kusema, jina lako, na kwa neno hilo angelala na funguo zake shingoni. Hakulisema. Alikuahidi kufuli na kufuli limekaa mpaka leo. Na wewe unaniomba nikusaidie kulitumia! Watu huwa wanasema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hajui anampiga nani.

Najua unachokiogopa. Unaogopa kubandika lebo. Sikudanganyi, inawezekana ukabandika, kwa sababu sheria uliijua na umeivunja wiki tatu. Inawezekana pia meneja akaona kwamba muonjaji anayekiri kosa la kitabu chake ni bora kuliko anayelitetea. Sijui. Ninachojua ni kwamba neno lako pale mezani lina thamani kwa sababu watu wanaamini unaandika kilichomo kikombeni. Jumanne uliandika kilichokuwa kinywani mwako, na hukujua, hiyo ni bahati mbaya ya kazi. Jumanne jioni ulipokunywa yale maji ukajua. Tangu jioni hiyo si bahati mbaya tena.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Kama hakuna homa wala zile dalili nilizokutajia, leo hii fanya hivi. Nenda kwa meneja, usisubiri Ijumaa, maana kukiri kabla ya kikao ni uungwana na kukiri baada ya kubanwa ni kukamatwa. Mwambie kwa maneno machache: nina jino bovu, nilitumia mafuta ya karafuu, harufu ilikuwa kinywani mwangu, mzigo uonjwe na mtu mwingine, na karafuu za mkobani zilikuwa zangu. Umwachie na karatasi yenye maneno hayo hayo na sahihi yako, kwa sababu maneno ya ofisini hupeperuka. Usiongeze habari za mama mkwe.

Ukitoka hapo, kata shauri uende kwa daktari wa meno leo leo. Dawa ya jino bovu ni kung'oa, au kuziba kama yeye ataona linaokoleka, hilo ni lake kuamua. Ila usianze kwa daktari ndipo uende kwa meneja. Nakufahamu kwa barua moja tu: ukishachomwa ganzi utasema mdomo hausemeki, uje tena kesho, na kesho itakuwa Alhamisi, na Alhamisi ina tabia ya kuzaa Ijumaa.

Na katikati ya meneja na daktari, pita nyumbani kwa Mama Funguo. Usiende na zawadi, wala usijitayarishe hotuba. Bisha hodi, ingia, kaa. Utataka kuanza kujieleza, lakini nadhani hutawahi. Mama aliyelea sita ataangalia hilo shavu lako kabla hujafika kwenye kiti, na kitu cha kwanza atakachokuuliza ni jino linaendeleaje.

Hapo mjibu ukweli wote.